Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Msaidizi wa Kisheria
Cheti chenye muhuri wa kung'aa, peke yake, hakimfanyi mtu kuwa msaidizi wa kisheria. Tanzania Bara, kazi hiyo huongozwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, hasa kwa mafunzo ya mtandaoni, tunakushauri umwulize mtoa mafunzo: je, mtaala wake umeidhinishwa chini ya sheria hiyo? Dai jibu la maandishi, kisha ulihakiki kwa Msajili wa watoa msaada wa kisheria. Stashahada ya sheria ni jambo jingine. Usajili wa chuo chake huulizwa NACTVET. Na anayekuahidi kwamba cheti chake kitakuwezesha kusimama mahakamani kama wakili, usimpe hata shilingi.