Ukilala jumba la mashambani Ufaransa, u mgeni wa mtu

ANAYELALA katika jumba kuukuu lililokarabatiwa mashambani Ufaransa hayuko hotelini. Yuko nyumbani kwa mtu. Sheria yasisitiza hivyo: vyumba visizidi vitano wala wageni 15, na mwenyeji, baada ya kuarifu ofisi ya meya, sharti awapokee yeye mwenyewe, awape shuka na kiamshakinywa. Chajio, kikiwepo, huliwa mezani pamoja na wenyeji, mlo mmoja kwa wote. Mwenye kuchagua sana atalala njaa.

Chanzo chake ni uhitaji. Vijana walipohamia mijini, nyumba nyingi zilielekea kuwa magofu. Shirika la Gîtes de France, lililoanzishwa 1955, likawahimiza wakulima kuzikarabati wapate mapato ya ziada. Paa linapovuja, vyumba hivyo vichache ndivyo hutegemewa kulilipia.