Ubavu wa Pua na Hesabu ya Mwanga

Namba iliyoninyima usingizi ni nyuzi 60. Mwanga ukiipiga ngozi kwa mshazari wa kiasi hicho, ngozi hupata nusu tu ya kile ambacho ingepata kama taa ingeikabili moja kwa moja. Ubavu wa pua unaweza kuinama hivyo, na pembeni mwa taya vilevile. Kwa mtoto aliyezaliwa na baka jekundu usoni na anayetibiwa kwa mwanga, hesabu hiyo huchangia kuamua wapi patapauka na wapi patabaki vilevile.

Baka hili huwapata watoto wapatao 3 katika kila 1,000. Ni vimishipa vya damu vilivyotanuka ndani ya ngozi. Halifutiki lenyewe, na ukubwani huweza kukolea na kunenepa. Leza husaidia wengi, lakini wanaopona kabisa ni wachache.

Profesa Gu Ying, daktari wa leza katika hospitali kuu ya jeshi jijini Beijing, alishika njia nyingine tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwake, kinachohitajika ni kuwahi. Dawa hudungwa mshipani, kisha taa ya kijani huwashwa dawa ingali imejaa kwenye damu, kabla haijapenya ngozi ya juu. Mwanga huiamsha dawa, dawa huigeuza oksijeni kuwa kali, na oksijeni hiyo hubomoa kuta za vimishipa kwa ndani. Ngozi ya juu husalimika.

Hapo ndipo kazi ya mkono inapoanza. Kwa hemoporfini, dawa iliyoidhinishwa China, taa ya nanomita 532 hutoa miliwati 80 hadi 100 kwa kila sentimita ya mraba, kwa dakika kama 20. Zidisha miliwati 100 kwa sekunde 1,200: juli 120. Lakini hizo ni juli za shavu linalotazamana na taa. Ubavu wa pua, kwa dakika zilezile, unaambulia 60. Daktari akiongeza muda, shavu la jirani linaweza kuungua na kubaki na kovu. Basi hufunika ngozi isiyo na baka kwa kitambaa cheusi, huligawa baka vipande, huelekeza taa upya. Muda haumngoji, kwa kuwa dawa inazidi kupungua kwenye damu. Macho yake yako kwenye ngozi, akisubiri ivimbe na kubadilika rangi. Maumivu ni ya moto; mtoto akijipinda, hesabu yote imevurugika.

Kwa hiyo taa kali zaidi si jibu. Jibu ni mwanga ulio sawa kila mahali. Watafiti wanajaribu kamera zinazopima mabonde na miinuko ya uso ili kila sehemu ipewe kipimo chake. Huko Lille, Ufaransa, vilifumwa vitambaa vya nyuzi zinazopitisha mwanga, vinavyojikunja kufuata mwili. Vimejaribiwa kwa madoa ya ngozi yaletwayo na jua.

Bado kuna maswali yetu. Rangi ya ngozi nyeusi hunyonya mwanga wa kijani kabla haujafika kwenye vimishipa, na uzoefu mwingi wa tiba hii umetokana na Wachina. Mtoto wa Mwanza atahitaji juli ngapi? Baada ya tiba, mgonjwa hujikinga na mwanga mkali kwa takriban wiki 2: mama anayeuza sokoni atamficha wapi? Hayo yajibiwe kabla mashine hazijanunuliwa.