Je, Wajua? Naitrojeni ya Magari ya Mbio na ya Mizizi ya Kunde

Asilimia 78 ya hewa unayoivuta ni naitrojeni, nayo hutoka kifuani kama ilivyoingia. Atomu zake hukaa mbilimbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu vigumu kukatika, ndiyo maana haijishughulishi na kitu. Mafundi wa Formula 1 huijaza kwenye matairi kwa kuwa ni kavu: pasipo mvuke wa maji, tairi likipata moto upepo wake hupanda kwa kiasi kinachojulikana. Mwaka 1986 Renault waliondoa springi za chuma kwenye vali za injini, wakaweka naitrojeni iliyoshindiliwa. Miaka 20 baadaye injini ya Cosworth ilifika mizunguko 20,000 kwa dakika.

Iunganishe na oksijeni, uone mambo. Magari ya Top Fuel ya Marekani hushindana kwenye njia iliyonyooka ya mita 305 tu. Mafuta yake ni naitromithani hadi asilimia 90, kinachobaki ni methanoli. Ajabu ni kwamba kilo ya naitromithani ina takriban robo tu ya nishati iliyomo kwenye kilo ya petroli! Nguvu inatoka wapi, basi? Molekuli yake imekuja na oksijeni yake yenyewe. Kilo ya petroli hudai karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Naitromithani huridhika na kilo 1.7. Kwa hewa ileile injini humeza mafuta zaidi ya mara nane, na atomu za naitrojeni, zikipata nafasi ya kurudiana mbilimbili, hutoa joto kali. Matokeo yake ni nguvu farasi zaidi ya 11,000, na gari linamaliza njia kwa chini ya sekunde 4 likipita kilomita 500 kwa saa. Mbio moja tu, na injini hufunguliwa yote ikaguliwe.

Kuvitenganisha vile vifungo vitatu ni kazi nyingine. Radi huviweza kwa joto lake. Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza mwaka 1913 kutengeneza amonia ya mbolea kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, kwa joto la zaidi ya nyuzi 400 na shinikizo linalopita la hewa ya kawaida zaidi ya mara 100.

Ila wanaonistaajabisha zaidi ni bakteria wa rizobia, waishio kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharage. Wao huifanya kazi hiyohiyo katika ubaridi wa udongo, kwa kimeng'enya chenye chuma na molibdeni, na mmea huwalipa sukari. Oksijeni, ambayo dereva wa Top Fuel anaitamani, hukiharibu kimeng'enya hicho. Kwa hiyo mkunde hutengeneza protini inayofanana na ile ya damu yetu ili kuidhibiti oksijeni ndani ya kinundu. Chimbua mkunde uliostawi, upasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, bakteria wako kazini, kikiwa cha kijani au kijivu, wameshaacha.