UZI: Wakisema "imepimwa", ulizeni imepimwa vipi

Mjadala wa udhibiti wa bidhaa za afya ukianza hapa, hamkosi mtu wa kusema "lakini imepimwa, ikapita!" na watu wananyamaza. Mimi nasoma siasa, si kemia, ila hilo neno linaficha mambo mengi. Tuchukue vidonge vya magoti, vile shosho zetu hununua kwa pesa ya kutumiwa.

Kiungo kimoja humo ndani ni kondroitini. Hutolewa kwenye gegedu za ng'ombe, nguruwe au papa, na bei yake iko juu. Kwa hivyo kishawishi cha kuchakachua kipo.

Njia ya zamani ya kuipima: unayeyusha unga, unadondoshea kemikali inayoshikana na kondroitini, maji yanakuwa na ukungu, unahesabu matone. Ni rahisi na haina gharama kubwa. Shida ni kwamba ile kemikali haichagui. Inashikana pia na vitu vingine vyenye chaji hasi nyingi, zikiwemo fosfeti fulani za bei ya chini. Muuzaji mjanja anatia fosfeti, na kipimo kinasoma kondroitini.

Njia ya pili hutumia kimeng'enya kinachokatakata kondroitini, kisha mashine inatenganisha vile vipande na kuvipima kimoja kimoja. Fosfeti haikatiki hivyo, kwa hivyo haihesabiwi. Lakini mashine ni ghali na inataka mtaalamu.

Sasa, nani anaamua njia ipi iandikwe kwenye kiwango rasmi? Hapo ndipo siasa ilipo, na hapo ndipo hakuna anayetweet.

Mkidhani natia chumvi, kumbukeni China mwaka 2008. Protini ya maziwa ilikuwa inakadiriwa kwa kuhesabu nitrojeni. Watu wakaongeza maji, wakatia melamini, ambayo imejaa nitrojeni. Maziwa yakapita kipimo. Watoto karibu 300,000 wakaugua, 6 wakafa.

Na wale wa "soko litajirekebisha": Marekani, chini ya sheria ya 1994, virutubisho haviidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa. Kampuni yenyewe ndiyo ya kwanza kuhakikisha lebo ni kweli. Lakini shosho atajirekebishia wapi, na hana maabara jikoni?

Kwa hivyo mgombea akiahidi "tutapima kila kitu," muulizeni mawili: kwa njia gani, na pesa za mashine ziko kwenye bajeti ya mwaka upi?