Kaburi lina wenyewe

Vijana wetu wa Lubumbashi wanatuuliza swali ambalo zamani hatukulisikia. Wanaona kwenye simu watu wa Ulaya na Marekani wakiingia makaburi ya kale usiku, na kinasa sauti na kipimo cha nguvu za sumaku mkononi, wakiwauliza wafu maswali na kungoja jibu. Je, sisi pia tunaweza? Si tuna makaburi ya tangu wakati wa Wabelgiji?

Juu ya vyombo hivyo tuseme kwa kifupi. Kipimo cha sumaku kinashtuka karibu na waya wa umeme. Kinasa sauti kinachukua upepo na gari la mbali, na sikio linalongoja neno litapata neno. Na kuwauliza wafu kumekatazwa katika Kumbukumbu la Torati 18. Hayo mmeyasikia mara nyingi mimbarani.

Tusilolisema sana ni kwamba kaburi lina wenyewe. Ibrahimu alipofiwa na Sara (Mwanzo 23) alikuwa mgeni. Aliinama mbele ya wenye nchi, akaomba, akalipa shekeli 400 za fedha. Mfalme Yosia alikuwa akifukua makaburi ya Betheli, lakini alipoambiwa kwamba moja ni la mtu wa Mungu, akaamuru mifupa ile isiguswe (2 Wafalme 23). Tena Amosi 2 inatuambia Mungu aliwahukumu Wamoabu kwa kuchoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Edomu hawakuwa watu wa agano, lakini Mungu alihesabu mifupa yao.

Mji wetu unalijua jambo hili. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa upande wa Shilatembo. Walizikwa, kisha wakafukuliwa, na miili yao ikayeyushwa kwa asidi. Polisi Mbelgiji Gérard Soete, aliyeifanya kazi hiyo, alijiwekea jino la Lumumba. Mwaka 2020 binti yake, Juliana, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji kulidai. Lilirudishwa kwa jamaa Juni 2022, likapitishwa hapa Lubumbashi na Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Jamaa walingoja miaka 61 wapate kitu cha kuzika.

Kuna na habari ya Wamba, huko Haut-Uélé. Mwaka 1952 daktari Mswisi, Boris Adé, alifukua mifupa ya Wambuti saba akaipeleka Chuo Kikuu cha Geneva. Haikuwa uchawi wala kutafuta mizimu. Ilikuwa elimu, yenye karatasi na mihuri. Baadaye wasanii wa kundi la Group50:50, wakiwemo watu wa Lubumbashi, walifunga safari hadi Wamba kuzungumza na Wambuti wenyewe juu ya mifupa hiyo. Mchezo waliotunga kutokana na safari hiyo unahusu mizimu inayorudi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho kimeingia katika mazungumzo na Geneva ya kuirudisha.

Tusiwaseme Wazungu peke yao. Hata kwetu wapo waombaji wanaoingia makaburini usiku, wakisema kaburi fulani limefunga ndoa au kazi ya mtu, nao hukanyaga, humwaga chumvi au mafuta, pengine huchimba. Mjane akija asubuhi na kukuta udongo umevurugwa, tutamwambia nini? Kwamba ilikuwa kwa jina la Yesu?

Basi kijana anayetaka kuingia, hata kwa kupiga picha za historia tu, aende mchana. Aanze kwa jamaa ya marehemu, kisha ofisi ya komini na mlinzi wa makaburi. Mlinzi akipokea pesa kidogo na kufungua mlango, hiyo si ruhusa ya jamaa. Kijana mmoja alituuliza, na kaburi lisilo na jina je? Tukamjibu awaulize wazee wa mtaa. Wasipojua, aliache kama alivyolikuta.