Homa ya ini na pombe: ini linaumia kimya kimya

Unaweza kuishi na homa ya ini B miaka 20 bila kujua, na kila jioni unapita grosari hapo Majengo kupata mbili tatu. Huumwi popote. Ndani ya ini hakuna mishipa ya kuhisi maumivu, ndiyo maana wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa.

Kirusi kinajificha kwenye seli za ini. Kinga ya mwili ikikishambulia, inaua na seli zenyewe, na pengo linazibwa na kovu. Kovu halichuji sumu. Yakienea, ini linakuwa gumu, ndiyo sirosisi: tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya njano, wengine wanatapika damu.

Pombe inafika kulekule kwa njia yake. Ini likiivunja inatoka asetaldehidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe. Mafuta yanajaa, ini linavimba, kisha kovu. Sisi wa Dodoma tunajitetea kwamba mvinyo wa zabibu ni laini. Ulaini huo uko mdomoni tu. Na mwenye kirusi akinywa, makovu yanakuja haraka zaidi.

Halafu kanda yetu ina adui wa tatu, sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumu hiyo. Ikikutana na kirusi B kwa muda mrefu, hatari ya saratani ya ini inapanda mara nyingi. Kuna wanaopeleka mahindi yenye ukungu kwenye pombe wakidhani moto unamaliza kila kitu. Haumalizi.

Kupima ni damu kidogo tu. Watoto walianza kupata chanjo ya B mwaka 2002, kwa hiyo kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hujawahi kuchanjwa. Ukikutwa salama, omba chanjo, dozi tatu. Homa ya ini C inapona kwa vidonge vya miezi kama mitatu. B hutulizwa kwa dawa kwa wanaozihitaji, na pombe unaacha kabisa, siyo kupunguza.

Mwenza na watoto nao wapimwe. B hupita kwa damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama wakati wa kujifungua. Kula sahani moja hakuambukizi.