Ceska Kiunoni, Amani Mtoni

Mwanafunzi mmoja wa Garsen aliwahi kuniuliza swali lililonikosesha usingizi: "Mwalimu, bastola ile aliyovaa askari kiunoni iliundwa na nani, na iliundwa imlinde nani?"

Nusu ya kwanza ya swali ni nyepesi. Ceska, bastola ambayo jina lake limezoeleka katika taarifa za polisi wetu, ilibuniwa Czechoslovakia na ndugu wawili, Josef na František Koucký, ikaonyeshwa ulimwengu mwaka 1975. Hutumia risasi za milimita 9, na magazini yake ya awali ilichukua risasi 15. Kwa risasi ya kwanza, kuvuta kifyatulio huinua nyundo na kuiangusha. Baada ya hapo bastola hujikoki yenyewe. Ajabu ni kwamba jeshi la nchi yake halikuichukua wakati huo, kwa kuwa risasi zile hazikuwa za kambi ya Mashariki. Iliundwa ili iuzwe ng'ambo. Hata Jericho ya Israeli imetokana na usanifu huo huo.

Nusu ya pili ndiyo nzito. Mwaka 2012 Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, waliuana katika delta ya Mto Tana. Riketa, tarehe 22 Agosti, waliangamia watu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto, kwa mapanga na moto. Kilelengwani, mwezi uliofuata, polisi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliouawa. Bunduki za serikali zilikuwapo, hazikutosha.

Bastola ina kifungio cha usalama, kizuiacho risasi isitoke ovyo. Jamii nayo yahitaji kifungio chake. Huku Tana, kimoja kati ya hivyo ni malka, yaani njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Malka ikizibwa kwa shamba, au ng'ombe wakiachiwa mimea ya wenyewe, kifungio kimeondolewa, na aliye na panga hahitaji Ceska ili aue.

Walimu wenzangu, tusiwafiche vijana habari za silaha. Tuwaeleze zinavyofanya kazi, kisha tuwapeleke mtoni wakaione malka na kuwasikiliza wazee wa pande zote mbili. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilimjibu mwanafunzi yule kwamba bastola yaweza kumlinda aivaaye kwa dakika chache. Kijiji hulindwa na makubaliano yanayoheshimiwa.